Migongo Iliyonyooka

Mama Riziki, mke wangu, uliyenishinda kwa ubishi mimi ambaye hakuna mwingine aliyewahi kunishinda,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu wetu Neema alisema, "Babu, wewe sema tu, mimi nitaandika kwa simu." Nikakataa. Mimi niliacha shule darasa la tatu kwa sababu nilikuwa nimeshajua ya kutosha. Ndivyo nilivyosema miaka yote, na miaka yote ulicheka ukiwa umeziba mdomo kwa kitenge. Herufi zangu ni kubwa kama mbuzi, zinapanda mstari na kuushuka, lakini kila moja imesimama kwa miguu yake. Mchungaji amesema ataibandika kwenye ubao wa kanisa. Aibandike. Wanaopita wasome, wajue nilimwoa nani. Lakini nakuandikia wewe.

Nimeipata ile sinema.

Unajua ni ipi. Ile tuliyobishana juu yake tangu ungali msichana wa kubeba ndoo mpaka siku ulipolazwa na sauti ikakuishia. Hata siku hiyo, nilipokushika mkono, ulinikonyeza, na mimi nikajua unachosema: bado unashinda.

Nilikuwa Fordsburg. Nilikwenda kutafuta bitana na zipu kwa yule Mhindi mzee wa vifungo, yule aliyekuwa anakuongezea uzi bure kwa sababu uliwahi kumsifia ndevu. Nje ya duka lake kuna kijana ana meza ya sinema kuukuu, diski zimepangwa kwenye boksi la ndizi. Nilikuwa napita zangu. Jicho likakamatwa na picha: daraja la matofali, barabara ya mawe, na mwanamke mwenye kikapu anayeonekana kwa nyuma. Nikasimama katikati ya watu mpaka mama mmoja akanigonga na mfuko wake wa vitunguu.

"Mzee, hiyo haina hata rangi," kijana akaniambia. "Chukua hii ya karate."

"Hiyo mimi niliisema kabla baba yako hajaota ndevu."

"Uliiona?"

"Niliisema, nimekwambia. Kuona ni kazi ya watu wa kawaida."

Akanitazama kama wanavyowatazama wazee hapa Joburg, akaifunga kwenye mfuko.

Watoto wa siku hizi hawajui kusema sinema ni nini. Wewe unajua, maana uliniharibia. Pale Uvira kwetu, kwenye ukumbi wa misheni, padri mzee alikuwa na mashine ya picha, na shuka jeupe lilitundikwa ukutani, na jenereta ilinguruma nje kama ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa. Sinema zilikuwa za Kiingereza. Watu mia hawakujua Kiingereza, padri mwenyewe alijua kidogo cha kuombea maji. Kwa hiyo alitakiwa mtu wa kusimama kando ya shuka, na fimbo mkononi, awaambie watu kinachotokea. Padri alinichagua mimi. Kiingereza sikujua hata neno moja. Hilo halikunizuia. Msemaji wa sinema hafasiri maneno, anafasiri nyuso, na kwa nyuso hakukuwa na mwenzangu kuanzia Uvira hadi Baraka. Watu walitembea kutoka milimani kuja kunisikia mimi, siyo kuja kumwona Mzungu.

Siku hiyo ikaletwa sinema ya Waingereza ya wakati wa vita yao kubwa. Mji mdogo wenye daraja. Maadui wameuteka, wanakaa kwenye nyumba za watu, wanakula mkate wa watu. Kuna fundi viatu mwenye miwani. Wanajeshi wanampelekea buti zao, naye anazishona, anazigongea misumari, anawarudishia kwa tabasamu. Nikawaambia watu: "Huyu ni msaliti! Muoneni anavyowapendeza!" Ukumbi ukamzomea fundi viatu mpaka padri akaomba utulivu.

Halafu jenerali wa maadui anakuja kuutembelea mji. Watu wanaamriwa watoke wote wajipange barabarani wampokee. Wanatoka. Na jenerali anaposhuka garini aanze kutembea, mji mzima unamgeuzia mgongo. Wazee, wanawake, mwenye mkate, mwenye mtoto. Barabara nzima ni migongo.

Mimi nikafurahi, maana hilo nilikuwa nalijua vizuri.

"Tazameni adabu!" nikapaza sauti, nikaligonga shuka kwa fimbo. "Hata Wazungu wana mkwe! Mkubwa amekuja, wamempa mgongo wote, kama tunavyompa mama mkwe njiani!"

Makofi yakalipuka. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kwamba kumbe na wale nao wamelelewa. Maana kwetu ndivyo ilivyo: ukikutana na mkwe wako njiani, humkazii macho. Unatoka pembeni, unageuka, unainama mpaka apite. Nani asiyejua?

Ndipo ikatoka sauti upande wa wanawake, sauti nyembamba kama sindano.

"Siyo adabu hiyo."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema. Mgongo wa mkwe unainama. Hiyo imenyooka kama mlingoti wa bendera."

"Binti, fimbo ninayo mimi."

"Fimbo unayo. Macho je?"

Ukumbi wote ukakucheka, kisha ukanicheka mimi, na kicheko cha pili ndicho kilichodumu. Niliendelea kusema ile sinema mpaka mwisho lakini sikumbuki nilisema nini. Nilikuwa nakutafuta gizani. Nilitaka kujua ni nani aliyenikata kauli mbele ya watu waliotoka milimani. Nilipokuona nikasema moyoni: huyu ama nitamwoa ama nitahama mji.

Nikakuoa. Na mama yako, Mungu ampumzishe, alinikuta siku moja njiani kutoka sokoni. Nikatoka pembeni, nikageuka, nikainama mpaka paji la uso likagusa majani. Yeye haruhusiwi kunisemesha, basi akamsemesha mbuzi wake: "Mwambie huyo mwenye fimbo kwamba mgongo wake ni mzuri, ila asiharibu suruali." Ulivyocheka nilipokusimulia! Ukasema, "Umeona sasa mgongo wa heshima ulivyo?" Nikasema naujua tangu zamani. Ukasema, "Basi na wale wa sinema?" Nikasema wale ni Wazungu, wana mifupa migumu. Tukalala tumenuniana.

Kisha vita ikaja, na hiyo haikuwa ya shuka.

Nasema kidogo tu hapa, maana waliokuwepo wanajua. Wanajeshi wa kuja waliushika mji wetu. Walikaa kwenye nyumba za watu, wakala ugali wa watu. Riziki na wadogo zake tulikuwa tumewapeleka milimani kwa shangazi yao. Tulibaki wewe na mimi na cherehani. Siku moja gari lilipita na kipaza sauti: komanda mkubwa anakuja, kila mtu atoke barabarani, ashike jani, aimbe. Tukatoka. Ulivaa kitenge cha buluu nilichokushonea mimi, chenye mstari mmoja mgongoni, uliosimama sawasawa na uti wa mgongo. Kazi ya mikono yangu. Tukajipanga karibu na duka la chumvi, upande wa ziwa, Mama Sifa kushoto kwako na mimi kulia.

Gari la wazi likatokea mbali, polepole, komanda amesimama ndani yake, mkono juu.

Na wewe ukageuka.

Sikuelewa kwanza. Nilidhani umeona nyoka. Kijana mmoja wa bunduki akaja mbio. "We mama! Geuka huku!"

Hukugeuka. Ulimjibu ukitazama ukuta wa duka, sauti ile ile ya sindano. "Afande, kwetu huku baba mkwe haangaliwi usoni. Mkubwa akipita anapewa mgongo. Ndiyo heshima kuu."

Yule kijana hakuwa mtu wa kwetu. Hakujua. Akanitazama mimi. "Ni kweli, mzee?"

Mama Riziki, nimesema maneno mengi maishani. Nimesema sinema, nimesema harusi, nimesema misiba. Lakini maneno niliyomwambia yule kijana ndiyo bora kuliko yote. Nikamwambia, "Ni kweli kabisa, afande. Hata mama mkwe wangu nilimfanyia hivyo mpaka nikachafua suruali." Nami nikageuka.

Mama Sifa akageuka. Na mume wake, aliyekuwa hai wakati huo. Na yule mwenye duka. Kisha nikausikia mgeuko wenyewe ukienda mbele, nyayo kwenye mchanga, kama upepo unavyopita shamba la mahindi, mpaka ukafika daraja la mto. Majani yalianguka chini. Wimbo haukuwepo. Mji mzima ulitazama kuta za nyumba zake.

Nilichungulia chini ya kwapa. Msemaji wa sinema hawezi kuacha kuchungulia. Komanda alipotufikia alikuwa anatabasamu, kwa sababu yule kijana alikuwa amemkimbilia kumweleza habari ya baba mkwe. Alipofika katikati ya barabara tabasamu lilikuwa limepungua. Alipokaribia daraja mkono wake ulikuwa umeshuka, ameshika chuma cha gari. Alikuwa ameona. Mtu mzima huona. Hakuna mgongo hata mmoja ulioinama.

Mimi ni fundi. Napima migongo tangu ujana, naijua ya mizigo, ya uvivu, ya wajawazito, ya wanaume wanaoficha kitambi. Wako niliupima mara ngapi sijui. Lakini siku ile ule mstari wa kitenge ulisimama kama umepigwa kwa rula na Mungu mwenyewe, na mimi nilisimama kando yako nikahisi baridi kichwani, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada imeshaanza.

Hakuna aliyepigwa siku ile. Wangempiga nani, na kwa kosa gani? La kuwa na adabu?

Jioni nikakuuliza, "Kwa nini?" Ukaniambia, "Shingo iliniuma." Na hiyo ndiyo hadithi uliyompa kila mtu mpaka kifo chako. Shingo iliniuma. Riziki alikuuliza, shingo iliniuma. Neema alikuuliza, Koko, bibi yangu, ni kweli Babu anachosema? Ukamkanda mashavu ukamwambia, "Babu yako anapenda kusema. Mimi shingo ilikuwa inaniuma."

Uliniacha na deni baya hapo, mke wangu.

Wazungu walikuwa na kamera. Sisi hatukuwa na kamera pale Uvira, tulikuwa na mimi. Na mimi, nakubali, nimesema mengi. Nimemwambia Neema niliwahi kumshonea waziri suti kwa macho tu bila kumpima. Nimemwambia nilivuka mto Ruzizi nikiwa na cherehani kichwani na maji shingoni. Hayo yote ni kweli kwa kiasi chake. Lakini mtoto ameyachanganya kwenye chungu kimoja, na lile la migongo amelitia humo humo. Kila nikianza, anasema, "Eish, Babu, tena?" halafu anarudi kwenye simu. Amefika miaka kumi na minne. Mimi macho yangu hayalioni tena tundu la sindano, Riziki ndiye anayenitungia uzi asubuhi kabla hajaenda kusuka watu nywele Marshalltown. Nikiondoka mimi, yule mwanamke wa kitenge cha buluu anabaki kuwa mama aliyeumwa shingo.

Na kingine kinaniuma zaidi. Unakumbuka mwaka ule wa 2008, watu hapa Joburg walipokuwa wanawawinda wageni kama sisi mitaani, tukalala kanisani na mablanketi ya kuazima. Neema alikuwa mdogo. Tulimfundisha sisi wenyewe, wewe na mimi na Riziki mama yake: ukiwa kwenye teksi, nyamaza. Ukiwa dukani, nyamaza. Mtu asisikie Kiswahili chako. Mtoto mwema, alitii. Vurugu zilipita lakini hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba sasa anaweza kusema. Anatuelewa kila neno na anatujibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Nikimwita barabarani kwa Kiswahili anaharakisha hatua.

Kwa hiyo nilipotoka Fordsburg na ile diski nilikuwa natembea kama mtu anayebeba shahidi. Nikasema leo ataona. Ataona barabara ya migongo kwa macho yake, kisha nitamwambia: sasa mweke Koko wako pale.

Tukakaa kitandani kwako, komputa ya shule ikiwa magotini kwake. Akasoma nyuma ya kava. "Babu, wanasema waliitengeneza vita ikiwa bado inaendelea."

"Yaani wameshakwisha kushinda?"

"Hapana. Walikuwa hawajui nani atashinda."

Hilo nilikuwa silijui. Nikamwambia aisome tena. Fikiria, Mama Riziki. Kwao mabomu yanaanguka, hawajui kama kesho adui atavuka bahari akae kwenye nyumba zao, na wao wanawasha taa, wanapaka poda, wanaigiza mji wa jirani uliotekwa. Walikuwa wanajifunza. Walikuwa wanajipima kama mtu anavyopima nguo ya msiba kabla ya kufiwa, aone kama itamkaa.

Sinema ikaanza. Hapakuwa na jenereta. Kwa mara ya kwanza niliisikia.

Fundi viatu anagonga misumari. Wanajeshi wanavaa buti, wanatoka. Neema akaniambia, "Sikiliza." Kwi, kwi, kwi. Buti zinalia! Yule mzee anazishona kwa namna ya kulia, ili doria ikija usiku watu wasikie mbali, wafiche redio, wafiche watu. Miaka yote hiyo nilimwita msaliti mbele ya umati, kumbe jenereta ilikuwa imeimeza sauti ya ushujaa wake! Nikavua kofia nikaiweka kitandani. Fundi kwa fundi.

Halafu jenerali akashuka garini. Nikamshika Neema mkono. "Hapa. Niambie wanasema nini. Neno kwa neno." Nilikuwa nimengoja tangu ujana. Kiingereza ndicho kingeamua, wewe au mimi.

Neema akangoja. Wa kwanza kugeuka ni bibi kizee mwenye kikapu, hilo nalo nilikuwa nimelisahau, mimi miaka yote nilisema ni mzee mwenye kofia. Kisha wa pili, kisha barabara yote.

"Wanasema nini?"

"Hawasemi kitu, Babu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ni kimya tu."

Na katika kile kimya, buti za jenerali. Kwi. Kwi. Kwi. Hata yeye alikuwa amepeleka buti kwa yule fundi. Akatembea barabara nzima akilia miguuni, kati ya migongo iliyonyooka, na hakuna aliyemhurumia kwa neno. Watu waliotengeneza ile picha wangeweza kuwapa maneno makubwa, lakini waliwaacha na migongo yao peke yake, na ile migongo ikatosha.

Nikamgeukia Neema. Nilikuwa karibu kulia. Nikamwambia, "Umeona? Ndivyo alivyofanya Koko wako."

Akaifunga komputa taratibu. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliongea kwa upole kama daktari. "Kwa hiyo ndiko ulikoitoa, Babu."

"Kuitoa nini?"

"Ile stori. Uliiona kwenye sinema, ukamweka Koko ndani. Ni sawa. Ni stori nzuri."

Nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi mpaka Riziki alipotoka kazini, akaniuliza nani amekufa.

Ungeniambia niende hapo Yeoville kwa Mama Sifa, aliyekuwa kushoto kwako siku ile, nimwombe aje anisemee kwa mtoto. Najua ungesema hivyo. Mimi siendi kuokota mashahidi kama mwizi wa kuku. Nikanuna. Ugali wa Neema niliula bila kuusifia. Kazi ikaharibika, nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto, mimi!

Ni mchungaji aliyenitoa humo, bila kujua. Alisikia nina sinema, akataka wazee waonyeshwe Jumapili baada ya ibada, kule ukumbini mlimani, mtaa wa Observatory. Akasema Neema ataendesha mashine, vijana watafasiri. Nikamwambia nikiwa hai hakuna kijana atakayesema sinema hiyo. Nilitoa shuka lako moja jeupe na jingine nikaliunganisha, mshono mmoja katikati, huuoni hata ukiusogelea. Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Nikakata fimbo ya mpera uani.

Walikuja wengi. Wa Uvira, wa Fizi, Warundi wachache wa kwaya. Mama Sifa alifika na beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwa letu, amefunga sokoni Yeoville mapema, akakaa mbele na goti lake bovu amelinyoosha. Aliniona na fimbo akasema, "Yesu! Huyu bado hajachoka?"

"Chokeni ninyi."

Nikaisema, mke wangu. Ungenisikia! Fundi viatu nilimrudishia heshima yake yote na nyongeza. Nikawaambia wasikilize buti, wakasikiliza, wakacheka, wakapiga makofi. Sauti yangu ni ile ile. Na kwa ajili ya ile barabara nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumwinamisha Neema kichwa.

Gari la jenerali likasimama. Bibi kizee mwenye kikapu akageuka. Nikafungua mdomo.

Mama Sifa alikuwa anasimama. Kwa sababu ya goti alisimama vibaya, kiti cha plastiki kilimng'ang'ania nyuma, akakisukuma kwa mkono, kikaanguka. Hakuangalia kilikoangukia. Akageuka, akalipa shuka mgongo. Kando yake mama wa kwaya akasimama, akageuka. Nyuma yao mzee mwenye fimbo ya kutembelea. Hawakuitana, hawakutazamana. Wale wote waliokuwa barabarani siku ile, watu ambao mimi nimeketi nao kanisani miaka na hatujawahi kulitaja, wakageuka mmoja baada ya mwingine, mpaka mbele yangu hapakuwa na uso hata mmoja wa Uvira. Mwanga wa sinema ukawaangukia vitenge vyao. Migongo ya uzee, ya mizigo, ya kusuka nywele za watu kutwa. Na yote imenyooka.

Kwi, kwi, kwi, jenerali alikuwa anapita kwenye shuka lako.

Mimi nilinyamaza. Andikeni hilo, ninyi mnaosoma ubaoni. Fimbo niliishusha.

Neema alikuwa kwenye mashine, anawatazama. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote aliye chini ya miaka sitini.

Ilipokwisha, Mama Sifa aliokota kiti chake, akaniambia tu, "Shuka lina harufu yake," akabeba beseni akaondoka.

Tukateremka kwa miguu, mimi na Neema, shuka nimelikunja kwapani. Tukafika kwenye roboti, taa ya barabarani, ikawa nyekundu, tukasimama na watu wengine, vijana wa mtaani, mama mmoja na mboga zake, mlinzi anakwenda kazini. Na pale, katikati yao, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, mtoto wetu akaniuliza:

"Babu, Koko alisimama upande gani wa barabara?"

Kwa Kiswahili, Mama Riziki. Cha Uvira kabisa, na ule mvuto wako mwishoni mwa neno. Kijana mmoja akageuka kumtazama. Neema hakushusha macho.

"Upande wa ziwa," nikamwambia. "Karibu na duka la chumvi."

"Alivaa nini?"

"Buluu. Nilishona mimi."

"Na wewe, uligeuka wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Babu."

"Wa kwanza kwa wanaume."

Akacheka, akanishika mkono, na roboti ilikuwa imeshageuka kijani tukabaki tumesimama, watu wakatupita. Akaniambia nianze tena kutoka mwanzo. Nilianza kutoka kwenye kipaza sauti. Tulipofika nyumbani nilikuwa bado sijafika kwa komanda, maana ananikatiza kama wewe.

Sasa nikufunge mdomo kabla hujaufungua. Sijasema nilikosea pale misheni. Nasema shuka la padri lilikuwa na mikunjo, na kwenye mikunjo mgongo wa mtu unaweza kuonekana umeinama. Fundi yeyote atakwambia.

Lakini Jumamosi tunakuja makaburini, Neema na mimi. Ameomba mwenyewe. Nitasimama mbele yako, nitatoka pembeni kidogo kama njiani kwetu, nitageuka, na nitakuinamia. Wazee watasema mke hapewi heshima ya mkwe. Waseme. Utauona mgongo wangu umepinda, miaka ya cherehani imeupinda, najua. Siku hiyo nitaupinda zaidi, kwa kusudi. Usije ukamwambia mtu huko kwamba ni uzee.

Lala, na shingo yako ipone.

Mume wako, baba yake Riziki, mwenye fimbo.